Usimfumulie mwanao mshono wake

Swali: Shikamoo, fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga na nashonea nyumbani. Binti yangu ana miaka 7, na kila nikikaa kwenye cherehani yeye yuko chini anaokota vipande vya vitambaa. Ananing'ang'ania nimfundishe. Mdogo wake wa kiume, miaka 5, naye hataki kuachwa. Baba yao anasema watajichoma, niwaache wakue kwanza. Mama mkwe anasema wa kike sawa, lakini wa kiume anatafuta nini kwenye sindano? Siku moja nilimkalisha binti kwenye cherehani yangu ya mguu, uzi ukakatika mara tano, tukaishia yeye analia na mimi nafoka. Nianzie wapi, na kwa umri gani?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na hiyo siku ya kilio. Cherehani ya mguu inamtaka mtu afanye mambo manne kwa pamoja: miguu ikanyage kwa mpigo mmoja, mkono wa kulia uanzishe gurudumu kuja upande wako, wa kushoto uongoze kitambaa, na jicho lisitoke kwenye mstari. Mguu ukisita kidogo tu, gurudumu linarudi kinyume, uzi unajisokota chini ya kitambaa na kukatika. Wewe hukumbuki tena ulivyohangaika na hilo, kwa sababu miguu yako siku hizi inakanyaga yenyewe huku mdomo unaongea na mteja. Kwa mtoto wa miaka 7 ambaye pengine nyayo zake hata hazilali sawasawa kwenye kikanyagio, ni mtihani wa darasa la saba kwa mtoto wa la kwanza. Uzi ulikuwa lazima ukatike.

Basi cherehani iwekee kitambaa chake juu, tutairudia. Anza na mkono.

Kuhusu umri, sikupi namba, maana nimefundisha wa miaka 6 waliotulia kama maji mtungini na wa miaka 10 waliotaka kukimbia na mkasi. Mtazame anavyofanya mambo yake ya kila siku. Anafunga mwenyewe vifungo vya shati la shule? Anaweza kukata karatasi kwa kufuata mstari bila kuuvuka ovyo? Akipewa ushanga na uzi, anakaa robo saa bila kuitwa? Akikwambia ndiyo kwa hayo matatu, mkono wake uko tayari kwa sindano. Huyo binti anayeokota vipande nadhani yuko tayari tangu mwaka jana. Wa miaka 5 tutamtafutia kazi yake.

Sasa jambo moja ambalo ningetaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Watu watakwambia samaki mkunje angali mbichi, na methali ile ina heshima yake, lakini kwenye sindano mimi huiogopa. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 8 alipopinda kitambaa chake cha kwanza, cha kufunikia jagi la maji. Alikifanyia kazi jioni tatu. Mshono ulipanda na kushuka na kujipinda kama barabara ya kwenda Lushoto. Usiku alipolala, mimi na ufundi wangu nikaufumua wote, nikaupiga upya kwa cherehani, dakika tatu, mstari umenyooka kama rula. Nilidhani namsaidia. Asubuhi akakichukua, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha juu ya jagi. Hakusema neno. Sindano hakuigusa tena hadi alipofika darasa la sita, na alirudi kwa sababu rafiki yake alikuwa anashona, si kwa sababu yangu.

Usimfumulie. Mshono ukienda upande, uache uende upande. Ukiona fundo limekaa juu badala ya chini, liache likae juu. Najua wapo watakaosema, sisi tulifundishwa viua vya kofia, na bibi akiona kitundu kimoja kimelala vibaya anafumua mstari mzima. Ni kweli, na kofia zile zilikuwa za kutazamwa mara mbili. Lakini kofia ya viua ilikuwa kazi ya miezi na ilikuwa na mwenyewe anayeisubiri; aliyeishona alikuwa tayari mwanafunzi wa kazi. Mwanao bado hana mteja. Anachotaka kujua ni kitu kimoja tu: je, mimi naweza kutoa kitu ambacho jana hakikuwepo? Ukifumua, umemjibu kwamba hawezi.

Siku itafika yeye mwenyewe atakuja na kazi mkononi aseme, mama, hapa pamenikera. Hapo ndipo umwoneshe kufumua, na umpe kile kijiti chenye uma mdogo afumue mwenyewe, usimpe wembe. Kwa watoto wengi niliowaona siku hiyo huja baada ya vitu vitatu au vinne hivi. Ukimwona anafumua kwa hiari yake, jua jicho la ufundi limefunguka.

Twende kwenye vifaa. Tafuta sindano za mkono zenye tundu pana na zisizo ndefu sana. Ukienda dukani kumbuka jambo linalowachanganya hata mafundi: kwenye sindano za mkono, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba; kwenye za cherehani ni kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa. Kwa hiyo usimletee mtoto sindano ya mkono ya namba kubwa ukidhani ni kubwa. Uzi upitishe kwenye tundu, uukunje mara mbili na ufunge ncha zote mbili fundo moja, ili sindano isichomoke kila akivuta, maana kuchomoka huko ndiko kunakowakatisha tamaa kuliko kuchomwa. Urefu wake ukishakunjwa usizidi toka ncha za vidole vyake hadi begani. Uzi mrefu, mara mbili tatu umeshajifunga vifundo. Na rangi iwe ya kupiga kelele: uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, aione kila hatua ya sindano. Mafundi tunaficha mshono, mtoto anataka uonekane.

Kitambaa, chukua shuka kuukuu au kitenge kilichofuliwa mpaka kikalainika. Satini na shifoni zinateleza, jinzi inaumiza vidole. Hivyo vipande anavyookota chini ya cherehani yako, mpe kopo vyote viwe mali yake. Bila shaka unalo lile kopo la biskuti ambalo kila nyumba hufunguliwa kwa matumaini na kukutwa limejaa nyuzi na vifungo. Hilo litamfaa, na liandikwe jina lake. Sijui kwa nini kopo lina nguvu kiasi hicho, lakini mtoto mwenye kopo lake hurudi kwenye kazi yake bila kuitwa.

Kitu cha kwanza kiwe kidogo, kimalizike jioni hiyo hiyo. Mimi huanza na kifungo. Kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kifungo kikubwa cha koti chenye matundu mawili, sindano inatoka chini, inapanda tundu hili, inashuka lile. Mtoto anaelewa papo hapo sindano inafanya nini na kwa nini fundo linakaa chini. Na ana faida ya haraka: mwezi Januari shule zikifunguliwa, shati la kaka mtu limekosa kifungo, mwite yeye akishone. Kitakaa kimelegea, na utaona anavyolitazama shati hilo likitoka mlangoni.

Baada ya kifungo, bandi. Unaijua bandi, ile ya kushikiza nguo kabla ya kupiga cherehani: sindano chini, juu, chini, juu. Mchoree mstari kwa chaki, na kama anaweza, aweke nukta sindano inapoingilia na kutokea. Mwambie asivute uzi mpaka kitambaa kijikunje. Mwenzangu mmoja huwaambia watoto “uzi ulale, usinyongwe,” nami nimemwibia msemo huo. Kwa bandi peke yake anashona mto mdogo wa kuchomekea sindano: vipande viwili vya mraba, pande tatu zishonwe, ugeuzwe nje ndani, ujazwe usufi kama mnao, au matambara yaliyokatwakatwa, kisha upande wa nne uzibwe. Hiyo kugeuza nje ndani usimwambie mapema. Mwache ashone, halafu mwoneshe jinsi ubaya wote wa mshono unavyoingia ndani na kitu kikatoka kizuri. Nimewafundisha watu wazima waliocheka kama watoto walipoiona mara ya kwanza.

Baadaye atataka mwanasesere, na mwanasesere atataka nguo, na hapo shule yako imeanza bila wewe kuandika somo. Nguo ya mwanasesere ina kila kitu cha nguo ya mtu: bega, kwapa, pindo, shingo isiyopita kichwa. Hiyo ya shingo isiyopita kichwa usimwonye. Aikate, ajaribu kumvalisha, ashindwe. Kesho yake atapima kichwa kabla ya kushika mkasi, na hayo mafunzo ya kupima kuna vijana wanalipia ada kuyapata. Akipenda nakshi kuliko kushona, mpe kitambaa cha kochi au foronya adarizi maua. Si kila mtoto wa sindano atakuwa mkata nguo.

Sasa huyo wa kiume. Kwa miaka 5 mpe sindano butu ya kufumia na kipande cha gunia la katani, lile la nyuzi, si la plastiki. Matundu yake yanaonekana wazi, sindano inapita bila kusukumwa, na hapo Tanga gunia la katani halitakusumbua kulipata. Kabla ya hapo unaweza kutoboa boksi gumu kwa msumari na kumpa kamba ya kiatu apitishe tundu kwa tundu. Akichoka baada ya dakika kumi, amechoka, mwache aende zake. Mama mkwe mpe salamu zangu, na kwa adabu zote umuulize kanzu za Idi nyumbani kwenu anazishona nani. Toka Kariakoo hadi Mombasa, waliokaa barazani na cherehani zao wengi ni wanaume, na hakuna anayewauliza wanatafuta nini.

Baba yao naye ana haki. Watajichoma, wala usimwahidi vinginevyo. Sindano ya mkono inatoa tone la damu, unaosha kwa maji na sabuni, unabana kidogo, kazi inaendelea. Kinachonitisha mimi ni sindano iliyopotea. Kwa hiyo sheria za nyumba ni chache na hazina msamaha: sindano huhesabiwa zikitoka na huhesabiwa zikirudi, ikiwa haipo mkononi ipo kwenye kile kimto, haikai mdomoni, wala haichomekwi kwenye nguo uliyovaa. Hilo la mwisho litakuhusu wewe kwanza, maana wengi wetu tuna sindano kifuani tukizungumza nawe hivi. Tafuta sumaku ya spika iliyokufa, uipitishe sakafuni kila mkimaliza. Watoto watagombania kazi hiyo. Pasi, hasa ya mkaa, ni yako peke yako. Na shoneni mchana. Mimi nilikulia nyumba ambayo sindano haikuombwa wala kuazimwa usiku, tukiambiwa ni mwiko. Sababu ya mwiko siijadili, ila kwa macho ya mtoto na taa zetu zinazokatika, mwiko huo naufuata mpaka leo.

Chagua pia siku. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, wateja wamepanga foleni na kila mmoja nguo yake ni ya asubuhi ya Idi, usimfundishe mtoto kitu. Utamfundisha hasira. Jumamosi moja ya kawaida, nusu saa, inatosha kwa wiki nzima. Na mkomeshe wakati bado anataka kuendelea. Asiende kulala amekinai.

Cherehani sasa. Kama kuna ndugu mwenye cherehani ya mkono, azima hiyo. Ni polepole, haina mguu wa kuratibu, na inakimbia kwa kasi ya mkono wa mtoto mwenyewe, tofauti na ya umeme ambayo ukiigusa tu imeshafika mwisho wa kitambaa. Kama ni hiyo yako ya mguu peke yake, ngoja nyayo zote mbili zilale kwenye kikanyagio akiwa amekaa vizuri. Mwaka wa tisa au wa kumi kwa wengi. Siku ya kwanza legeza ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu, ile unayoilegeza ukijaza uzi kwenye bobini. Gurudumu litazunguka, sindano itasimama. Mwache akanyage hivyo hivyo, aanzishe kwa mkono, akanyage, asimame, aanze tena, mpaka apite dakika nzima bila gurudumu kurudi kinyume. Mwimbie kama unapenda, mguu unapenda wimbo. Neno cherehani lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni gurudumu, kwa hiyo akijua gurudumu ameshajua nusu ya jina.

Siku ya pili kaza skrubu, weka sindano ya zamani isiyo na uzi, na umpe karatasi ya daftari yenye mistari. Atoboe akifuata mstari. Karatasi huua makali ya sindano, ndiyo maana nasema ya zamani, na ikishamaliza kazi hiyo itupe. Akiweza mistari iliyonyooka, mchoree kona: asimame sindano ikiwa chini ndani ya karatasi, ainue kile kiguu kinachobana kitambaa, ageuze, ashushe, aendelee. Akiweza kona, mchoree konokono. Siku ya uzi tumbukiza sindano mpya, namba 14 inatosha kwa kanga na vitenge, na umfundishe kuutunga uzi njia yote mwenyewe, hata kama itachukua asubuhi nzima. Mtoto anayetungiwa uzi ataita mama maisha yake yote.

Na kazi ya kwanza ya cherehani, sina ubishi hapa, ni kanga. Unanunua doti, kanga mbili zikiwa bado zimeshikana. Kila moja ina kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Pande zile ndefu zimetoka kiwandani na ukingo wake, hazichuruziki nyuzi. Zinazohitaji kupindwa ni zile fupi: ukishakata katikati unapata nne, kila moja mita moja na kitu, zote zimenyooka. Mita nne na ushee za mstari mmoja usio na kona, kwapa wala zipu. Hakuna kitabu cha mazoezi kilichopangwa vizuri kuliko hicho, na kinaishia kwenye vazi halisi. Wewe ukate, wewe upige pasi, pindo likunjwe mara mbili, jembamba, chini ya sentimita moja. Yeye apige bandi kwa mkono kwanza, ile ile aliyojifunzia kimto, halafu apitishe cherehani, halafu atoe bandi. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini ulimsumbua na mkono muda wote ule.

Mwache achague kanga dukani, ausome ujumbe wake kwa sauti. Angalia tu usije ukasimama mbele ya rafu ya vijembe, ukalazimika kumweleza mwenye duka akisikiliza ni nani anayesemwa na kwa nini. Kanga hiyo ikishapindwa usiifungie kabatini kama kumbukumbu. Ivae sokoni, pindo likiwa limekwenda upande. Jirani akikuuliza nani kakupindia, mwambie ni binti yangu, na uliseme hilo binti akiwa anasikia. Usishangae wiki inayofuata jirani akileta doti yake. Akilipa, hata kama ni shilingi mia tano, iingie kwenye lile kopo.

Huyo mdogo naye atakuwa ameshachoka na gunia. Mpe soksi kuukuu, aijaze matambara mpaka iwe ngumu, akaze mdomo wake kwa uzi mnene na ile sindano butu, mpira wa chandimu huo. Mwache akaupige teke uwanjani. Kabla ya magharibi utakuwa umefumuka, na atarudi nao mbio mwenyewe kuulizia sindano iko wapi.